Mkono wa Kushoto wa Cleopas

Tak.

Mlio huo ndio uliokuwa kichwani mwa Cleopas Wanyonyi asubuhi ile alipokuwa akikoroga chai jikoni kwake Saltley, ingawa hakuna kitu jikoni kilichokuwa kimelia. Ulikuwa mlio wa kibao cha plastiki kikitua kwenye reli ya bati mbele ya mwongoza ndege. Kibao chembamba, kirefu kidogo kupita kiganja, na juu yake ukanda wa karatasi wenye jina la ndege moja na safari yake. Ndege ikiita kutoka mbali, kibao chake kinawekwa juu: tak. Ikikaribia, kinashushwa: tak. Ikishatua na kuegeshwa, kinaondolewa, na mkono unabaki mwepesi. Cleopas aliusikia mara ya kwanza kwenye mnara wa kuongozea ndege wa Kisumu, akiwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi kwa hofu. Akaja nao Uingereza, akazeeka nao. Leo vibao vilikuwa vimefungwa kwenye maboksi. Leo ilikuwa siku ya skrini.

"Baba Mark, hiyo chai utaikoroga mpaka ikujibu?" aliuliza Zilpah, mkewe, akivaa viatu vyake vya uuguzi mlangoni.

"Nimelala vizuri," Cleopas akasema.

"Sijakuuliza umelala vipi."

Zilpah alirudi hadi mezani, kiatu kimoja hakijafungwa, akamnyoosha kola. "Wageni wakubwa wanakuja leo, eh? Basi usiende na hiyo sura ya matanga. Kanisa zima linakuombea."

Hilo la kanisa ndilo lililomchoma, kwa sababu kanisani alikuwa amejigamba.

Ushirika wao wa Wakenya hukodi ukumbi Handsworth, nyuma ya maduka ya Soho Road, na Arnold, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alikuwa amemwomba awaeleze vijana kuhusu kazi yake. Cleopas alisimama na tai yake ya buluu, akaeleza vizuri sana. Zamani, aliwaambia, kila nchi ya Ulaya ilikuwa na mitambo yake na mazoea yake. Ndege ikitoka hapa kwenda Athens inavuka mipaka mingi, na kila mpaka inapokewa kama mgeni asiyejulikana. Mtu ananyanyua simu, anamwambia jirani yake, jirani anaandika. Simu ikichelewa, ndege inazungushwa juu huko, inachoma mafuta bure na watoto wanalia. Sasa nchi zimekubaliana kufanya kazi kama watu walio chumba kimoja. Habari ya ndege inatoka mnara huu inaingia ule bila kuguswa na kalamu. Na kila mwaka kila nchi husimama mbele ya wenzake ikasema imefika wapi, imemaliza nini, na nini kingali kiporo.

"Lakini si sisi tulitoka Umoja wa Ulaya?" Arnold akauliza.

"Tulitoka sisi," Cleopas akajibu. "Anga haikutoka."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Arnold akainua mkono kama mtu aliye kwenye harambee: "Mnaona! Mwana wa Bungoma ndiye anayeisukuma Ulaya!"

Cleopas angeweza kumsahihisha. Badala yake alitabasamu, akainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, na ule unyenyekevu wa kuigiza ulikuwa ukimrudia sasa kila alipofumba macho.

Maana ukweli ulikuwa hivi. Kazini kwake, Hollin Heath, kiwanja kidogo nje ya jiji chenye ndege za mizigo, za mafunzo na chache za abiria, ndiko kiporo kilikokuwa. Habari ya ndege ilisafiri kwa nyaya kutoka Palermo au Leipzig, ikapita nchi na nchi bila kukwama, halafu ikifika Hollin Heath inachapwa kwenye ukanda wa karatasi, na safari yake inaishia mkononi mwa Cleopas. Mkuu wa mnara, Fiona, mama mpole anayeongea haraka, alikuwa amebandika chati kwenye ukuta wa chumba cha mapumziko. Miraba ya kijani ni ya viwanja vilivyomaliza. Mraba wa Hollin Heath ulikuwa wa manjano, na ulikuwa umekaa manjano hadi watu wakaacha kuutazama. Fiona alimchagua Cleopas awe wa kwanza kukaa mbele ya skrini siku yenyewe. Mzee akiweza, alisema, hakuna atakayelalamika. Wakampiga picha kidole gumba kikiwa juu. Picha ile nayo ilibandikwa, kando ya mraba wa manjano.

Hakuna aliyejua kwamba mzee hawezi. Au tuseme, alijua mtu mmoja, naye alinyamaza.

Mwongoza ndege haongozi kwa macho peke yake. Ndani ya kichwa chake kuna kitu ambacho watu wa kazi hiyo wanakiita picha tu: nani yuko wapi, nani anashuka, nani amesimama akingoja, gari gani limeingia njia ya kutua. Picha ikiwepo, sauti za marubani huja moja moja kama watu wanaobisha hodi. Picha ikipotea, sauti zile zile zinageuka kelele za soko. Na ikikupotea kuna neno moja tu la kusema: umwambie mwenzako kwamba imekupotea, naye apokee kiti papo hapo. Wakufunzi husema hakuna aibu katika neno hilo. Lakini anayelisema anaondolewa kitini, leseni yake inawekwa kando mpaka apimwe upya, na kesho yake, kwa desturi ya minara ya huku, analeta keki. Aliyefaulu analeta keki, aliyekosea analeta keki. Watu wakiiona keki mezani hutazamana kwanza kabla ya kuuliza ni ya nini.

Keki ya Kiran ilikuwa ya limau. Cleopas aliikumbuka vizuri kuliko alivyopenda. Kiran, binti wa Kisikh wa Handsworth ambaye babu na bibi yake walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Nakuru, alikuwa mwanafunzi wake miaka ya nyuma. Jioni moja ya mvua alimgeukia akasema picha imempotea. Cleopas alipokea kiti, akazitua ndege zote salama. Kisha katika chumba cha mapumziko, watu wakisikia, akasema, "Picha haipotei, binti yangu. Si mwavuli." Wote walicheka. Kiran naye alicheka, masikio yakiwa mekundu. Kesho yake akaleta keki, na Cleopas akala vipande viwili.

Kiran huyo huyo ndiye sasa alikuwa mkufunzi wa skrini.

Picha ya Cleopas, alikuja kugundua uzeeni, haikukaa kichwani kama alivyodhani. Ilikaa mikononi. Kila kibao alichokishika kiliiingiza ndege ile ndani yake kupitia vidole. Na kilikuwepo kimoja chekundu, kisicho na ndege. Gari likiingia njia ya kutua, labda la kufukuza kunguru au la kukagua taa, mkono wa kushoto unakichukua kibao chekundu na kukilaza kukatiza reli. Kikishalala pale, hakuna kibao kingine kinachopita, kwa hiyo hakuna ndege inayotua. Skrini nayo ilikuwa na alama hiyo: unagusa kona ya chini, mstari mwekundu unatokea. Ni rahisi. Vijana waliugusa mstari huo huku wakitafuna. Lakini mkono wa kushoto wa Cleopas haukujua kugusa. Ulijua kushika.

Katika chumba cha mazoezi, chenye madirisha ya uongo na ndege za uongo, aliipa ndege ruhusa ya kutua juu ya gari. Mchoro wa ndege ulipita katikati ya mchoro wa gari bila sauti yoyote. Hakuna aliyekufa, kwa sababu hakukuwa na mtu. Cleopas alitazama lile gari dogo la rangi ya chungwa likiendelea na kazi yake kana kwamba halijauawa.

"Skrini iliganda," akasema.

Yalimtoka tu maneno hayo, laini, kwa sauti ya mtu mzima asiyebishwa. Kiran alimtazama, akatazama skrini, akasema, "Sawa. Nitamwambia Jatinder."

Jatinder alikuwa fundi mitambo, mtu mnene mwenye kilemba cha kijivu na viatu visivyopiga kelele. Alitafuta ule ugandaji. Alifungua mashine, akabadilisha nyaya, akabaki kazini wenzake walipokwenda nyumbani. Siku iliyofuata alimjia Cleopas kwenye foleni ya chai, akamshika kiwiko kwa heshima.

"Samahani sana," alisema. "Sijaliona bado tatizo. Lakini nitalipata. Siwezi kukuacha ukae na kitu kitakachokuangusha."

Cleopas alisema asante. Akamimina maziwa kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa na maziwa.

Tangu hapo akaanza kubeba kibao chekundu mfukoni mwa koti. Alikichopoa kwenye boksi la vibao vya akiba watu wasipomwona, kama mtoto anayeiba sukari. Kwenye mazoezi alikilaza juu ya paja, chini ya meza, gari likiingia. Na mkono ukishashika, kichwa nacho kilishika, na kidole kikakumbuka kugusa kona. Akafaulu majaribio yote. Fiona alimkumbatia.

Lakini Kiran alikuwa ameona. Siku ya jaribio la mwisho alingoja watu watoke, kisha akazungumza Kiswahili, kile chake cha jikoni kwa nyanya yake, kifupi, kisicho na mapambo.

"Anko. Iko nini mfukoni?"

"Nini, binti?"

"Anko, mimi si mtoto. Siku yenyewe meza iwe wazi, mifuko pia. Ukihitaji hiyo, sema sasa. Tunaongeza wiki za mazoezi, basi. Hakuna mtu anakufa."

Na watu wa kanisani? Na picha ukutani? Na mraba wa manjano, unaongoja yeye tu?

"Sihitaji," akasema Cleopas, akakitoa kibao na kumkabidhi, akacheka kidogo. "Ni kumbukumbu tu ya uzee."

Kiran alikipokea kwa mikono miwili, jinsi watoto wa nyumba za zamani wanavyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa. Akakitia mfukoni mwake. Cleopas angependa sana ambishie.

Basi siku ikafika. Cleopas alipanda ngazi za mnara, mifuko mitupu. Juu, nyuma ya viti, alikuwa amesimama Fiona. Na mgeni kutoka ofisi ya kitaifa, Brigid, mama mwenye koti la mvua na mkebe wa biskuti alizowaletea, ambaye kazi yake ilikuwa kwenda kuwaambia wa Ulaya kwamba kiwanja hiki nacho kimemaliza. Na Jatinder, amesimama kando ya mlango wa mitambo, uso umechoka, macho hayabanduki kwenye skrini. Kiran alikaa kulia kwa Cleopas, visikizi masikioni, tayari kusaidia.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Ndege moja ikaondoka, moja ikatua. Cleopas alisikia bega lake likilegea. Nyuma yake Brigid alinong'ona kwamba inapendeza kuona mambo yanakwenda kimya namna hii. Kimya. Cleopas aliweka kikombe chake mezani kwa nguvu kidogo, ili asikie kitu kikigonga.

Kisha mawingu yakapanda, anga ikafunguka kidogo, na ndege ndogo za mafunzo zilizokuwa zikingoja hali ya hewa zikaita zote kwa pamoja. Helikopta ikaomba kupita. Dubow, dereva wa gari la kufukuza kunguru, akaomba kuingia njia ya kutua, kuna kunguru wengi upande wa mbali. Cleopas akamruhusu. Mkono wake wa kushoto ukanyanyuka, ukaenda pale ulipozoea kwenda maisha yake yote, ukakuta kioo baridi cha pembeni. Ukashika hewa. Ukarudi pajani, taratibu, kama mtu aliyenyoosha mkono kusalimu asipokewe. Wakati huo huo mwanafunzi mmoja wa urubani aliita kwa sauti ya kutetemeka akisema hauoni uwanja, na Cleopas akaanza kumwongoza, kwa upole, neno kwa neno.

Alipomaliza na mwanafunzi, ndege ya mizigo iliita. Inatoka Leipzig. Habari zake zilikuwa zimefika kwenye skrini zenyewe, safi, hazijaguswa na kalamu yoyote kutoka huko hadi hapa, kama alivyowaeleza vijana. Rubani alisema ameuona uwanja, anakuja.

Maneno ya ruhusa ya kutua yalikuwa tayari ulimini mwa Cleopas. Aliyasema maelfu ya mara maishani mwake. Yalikuwa na njia yao ya kutoka. Aliuma midomo. Kuna kitu. Kuna kitu amekiacha mahali, kama sufuria iliyoachwa motoni nyumbani na mtu yuko kanisani tayari, wimbo umeanza. Alitazama skrini: majina yamejipanga vizuri, rangi zinapendeza, hakuna mstari mwekundu. Alitazama nje: manyunyu kwenye kioo, na uwanja mrefu wa kijivu ukiyeyukia kwenye ukungu upande wa mbali. Alitafuta ndani ya kichwa chake. Hakukuta ndege hata moja. Alikuta majina tu.

"Endelea kukaribia," alimwambia rubani kwa Kiingereza cha kazi. Hilo si neno la ruhusa. Ni neno la kumnunulia mtu pumzi kidogo.

Alimtazama Kiran. Kiran alikuwa amegeuka nyuma. Brigid alikuwa amemuuliza jambo, naye alikuwa akimjibu kwa adabu, mkono mmoja umeshika kisikizi.

Sauti ya helikopta. Sauti ya mwanafunzi. Kelele za soko.

Cleopas alijua bado ana njia moja, na aliijua kwa sababu alishawahi kuipita. Aseme skrini imeganda. Watamwamini. Fiona angesimamisha kila kitu, karatasi zingerudishwa kutoka kwenye maboksi, mwanamke mwenye biskuti angeondoka na mraba wa manjano, na yeye angeshuka ngazi hizi akiwa bado mzee wa mnara, mwana wa Bungoma. Kwenye kioo aliona taswira ya Jatinder. Fundi alikuwa amesogea hatua mbele. Alikuwa ameona tu namna mabega ya Cleopas yalivyokakamaa, na tayari mkono wake ulikuwa kwenye mfuko wa vifaa, tayari uso wake unaomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Joto lilimpanda Cleopas kutoka kifuani hadi masikioni. Alifikiri lazima yamekuwa mekundu, kama yangekuwa masikio yanayoweza kuwa mekundu. Akamwona Arnold ameinua mkono. Akamwona Zilpah akimnyoosha kola. Akamwona Kiran wa zamani, na keki yake ya limau, akikata vipande na kuwagawia watu waliomcheka.

Rubani wa Leipzig aliita tena. Anauliza kama aendelee.

Cleopas alinyoosha mkono wa kushoto, ule ule, akaupitisha mbele ya kifua chake, akagusa mkono wa shati la Kiran. Kiran alikata jibu lake katikati akageuka. Huenda alitegemea Kiingereza, lugha ya kazi, ambayo wote nyuma yao wangeisikia. Cleopas aliinamisha kichwa karibu naye, akasema polepole, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo hata Fiona aliyekuwa nyuma ya kiti hakuisikia:

"Kiran. Pokea kiti, mwanangu. Picha imenipotea."